Sili Ninapozoa

Kazi ya taka huanzia mlango wa nyuma. Miaka yote niliyozoa taka za biashara hapa Bagamoyo, mlango wa mbele wa hoteli kubwa niliupita siku moja tu, siku kampuni iliponiaga, na hata siku hiyo mlinzi aliniuliza nimekuja kumwona nani. Sasa nimestaafu. Ninyi mliobaki yadini mmeniomba niandike yale niliyoyaona, nami nimekubali kwa sababu nyumbani hakuna wa kubishana naye. Vyeo sitavitaja, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku ya kwanza nilifika yadini nimevaa kandambili mpya na kitenge cha kwendea kanisani. Niliambiwa kazi ni ya usafi wa mazingira, nikadhani nitapewa ufagio. Mimi ni mtu wa Fukayosi. Wazazi wangu walitoka bara kufuata mashamba, baba akafundisha katekisimu na mama akafuga nguruwe nyuma ya nyumba, kwa hiyo uchafu wenyewe haukunitisha. Nilichokuwa sijui ni kwamba uchafu nao una mpangilio wake.

Aliyenipokea ni Mzee Sefu, mwenyeji wa Mlingotini, mtu mrefu wa maneno machache, mwenye ndevu alizozitunza kuliko tulivyolitunza guta letu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Waitwa nani, mwanangu?"

"Perpetua."

Akalipima jina, akaona litamchosha. "Peti. Hizo kandambili zirudishe nyumbani. Kesho uje na buti."

"Na leo je?"

"Leo utanifuata kwa macho tu. Mikono iweke nyuma."

Basi nikamfuata, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Tulikuwa na guta moja la injini lililokohoa kila lilipopanda kilima, na Bagamoyo haina vilima, sijui lilikuwa linaviona wapi. Mzee Sefu alikuwa na kulabu yake ya chuma, aliyoitengenezesha kwa fundi kutokana na springi ya gari bovu. Hakutia mkono kwenye kiroba chochote kabla kulabu haijatangulia. "Kulabu ikichomwa na sindano haipelekwi hospitali," alisema. Ushauri huo bado nausimamia, ingawa siku hizi mnapewa glovu nene na mnazivua kila simu ikiita.

Alinifundisha kutenganisha: maboksi kivyake, chupa kivyake, makopo, plastiki, na makombo ya jikoni. Msiyoyajua ni mabishano tuliyopata kwa wenye biashara. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alituona tumechanganyikiwa. Taka ni taka, alisema, za nini kuzipanga kama nguo za arusi? Tulimwonyesha boksi lililolowa na boksi kavu, tukamweleza kwamba wanunuzi wa Dar wanalichukua kavu na kulirudisha bichi, na lililorudishwa linaishia dampo. Hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba maboksi yakipangwa ghala lake linapata nafasi, na kuanzia hapo akawafundisha wenzake mtaa mzima kana kwamba ni yeye aliyebuni.

Tabu zaidi ilikuwa kwenye makombo. Maganda ya matunda na mboga tulipeleka kwenye mashamba ya mananasi yakaozeshwe kuwa mbolea. Vyakula vilivyobaki vilikwenda kwa Baba Festo, mfugaji wa nguruwe kwenye njia ya Fukayosi, ambaye aliyachemsha makombo katika pipa la chuma juu ya moto wa vifuu kabla ya kuyamwaga bandani. Wakati fulani hoteli moja ya ufukweni ilitupa glasi zilizovunjika ndani ya makombo, na nguruwe wake mmoja akapasuka mdomo. Baba Festo hakupiga kelele. Alifunga kile kigae cha glasi katika gazeti, akapanda baiskeli mpaka hotelini, akakiweka juu ya kaunta mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa, akaondoka. Kuanzia wiki hiyo glasi zao zilikuja katika boksi lake, limeandikwa na kufungwa kamba.

Sasa kuna jambo sharti mlielewe, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mzee Sefu alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano, na wenye migahawa wengi hapa mjini ni Waislamu. Kwao nguruwe si mnyama wa kutopenda tu. Ni najisi, na chombo kilichoguswa na mate yake hakitwahariki kwa sabuni. Kwa hiyo Mzee Sefu aliweka utaratibu. Mapipa ya jikoni yalifika mpaka lango la yadi, basi. Pale makombo yalimiminwa katika mapipa meusi yenye mishikio ya kamba, na hayo meusi niliyapeleka mimi kwa Baba Festo. Ya jikoni yakarudi jikoni na meusi yakarudi bandani. Hata siku moja hayakukutana.

Na hata siku moja utaratibu huo haukutamkwa. Mzee Sefu hakuwahi kulitaja neno nguruwe mbele yangu. Alisema "kule". Mapipa ya kule, safari ya kule, Baba Festo wa kule. Mimi nami, kwa kumstahi, nikasema kule. Wapishi walisema kule. Tulikuwa na adabu nyingi sana yadini kwetu.

Kitu kingine alichokuwa nacho Mzee Sefu ni jibu lake. Kila jikoni tulipofika asubuhi tulikaribishwa chai, maandazi, pengine supu. Mimi nilikula kila mahali, na mwili wangu ni shahidi. Yeye aliweka mkono kifuani na kusema, "Ahsanteni, sili ninapozoa." Kisha alikaa juu ya guta na kufungua bakuli lake la mihogo na samaki kutoka kwake Mlingotini. Mji mzima ulilijua jibu hilo. Makondakta wa stendi walilifanyia utani, na wenye migahawa wengine lilikuwa linawaudhi.

"Kwani jikoni kwangu ameona nini?" waliniuliza mimi.

Nilimuuliza. Akasema, "Mimi naona ndani ya pipa la kila mtu, Peti. Nikila kwa mmoja nisile kwa mwingine, watu watajua nimeona nini. Tumbo langu litakuwa linatoa siri za watu."

Nilidhani anajikweza kidogo. Lakini kweli pipa husema. Lipo la mwenye kuozesha nyama na kuificha chini ya maganda, na lipo la mwenye kupika kwa majivuno na kutupa nusu. Pipa nililopenda kulifungua lilikuwa la Bi. Zuhura.

Bi. Zuhura alikuwa mjane mwenye mgahawa karibu na stendi, meza chache, wali na samaki, maharage ya nazi. Pipa lake lilikuwa na mifupa, maganda, machicha ya nazi na ukoko, ule wali ulioungua ukaganda chini ya sufuria. Wali mzima haukuonekana humo. Mpishi wake alikuwa na mazoea ya kukwangua sufuria kisha kuugonga ukingo wake kwenye ukingo wa pipa, ko, ko, ko, ili ukoko udondoke. Sisi tukisikia mlio ule kutoka nje tulijua chakula cha mchana kimekwisha. Mwaka mzima mgahawa ule ulikwenda kwa kujikongoja, na Ramadhani ndiyo iliyousimamisha, maana wenye maduka na wasafiri wote wa saa za magharibi walifuturu kwake.

Ikafika siku kampuni ikaleta meneja mpya, kijana wa Moshi aliyeitwa Elibariki. Nawaomba msimcheke. Ndiye aliyetuletea mashine ya kugandamiza maboksi, na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku ndiye aliyezunguka duka kwa duka kuwaelekeza watu. Alikuta mapipa yetu ya kila rangi, mengine yamepasuka, akanunua ya kijani, mapya, yote namna moja. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: chukua lililojaa, acha lililooshwa. Hakuna tena kumiminia langoni na kumwagia barabara. Mapipa yaende moja kwa moja kwa Baba Festo, yarudi, yaoshwe kwa maji ya moto na dawa, yagawiwe.

Hapo ndipo adabu yetu ilipotugharimu. Mzee Sefu alikuwa kwake Mlingotini, mguu umemvimba baada ya kuangukiwa na gunia la makopo. Mimi nilikuwa nimehamishiwa Chalinze kwa muda, kukusanya maboksi na chupa kwenye vibanda vya chakula wanakosimama madereva wa malori. Meneja aliwauliza waliobaki yadini haya mapipa meusi ni ya nini. Wakamjibu ni ya kule. Kule wapi? Kule kwa Baba Festo. Akayaona makuukuu, akaagiza yauzwe kama plastiki chakavu. Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, kila mmoja akidhani mwenzake amelisema, au kwamba halihitaji kusemwa.

Nilirudi kutoka Chalinze mwezi wa Shaabani umebaki kidogo kwisha. Nikashika zamu ya stendi. Nilisimama mlango wa nyuma wa Bi. Zuhura, nikasikia ko, ko, ko, nikaingia kuchukua pipa. Ukingo wake ulikuwa umetafunwa. Nimekua na nguruwe, na hori la nyumbani kwetu lilikuwa na alama zilezile za meno. Pale pale palipotafunwa ndipo sufuria lilipokuwa linagongwa, na pipa lilikuwa limelowa.

Nilisema pipa lina ufa, nikalibeba, nikalipeleka guta yadini na kupanda bodaboda mpaka Mlingotini. Mzee Sefu alikuwa amenyoosha mguu juu ya kigoda. Nilimweleza, na kwa mara ya kwanza nikasema nguruwe mbele yake. Alifumba macho.

"Sufuria linagongwa palepale?"

"Palepale, mzee."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Bado. Nimeona nije kwako kwanza. Pipa nimeliondoa. Anayejua ni mimi, na sasa wewe."

"Na Mungu," alisema, bila kuhubiri, kama mtu anayehesabu waliohudhuria. "Nipe hiyo fimbo."

Bi. Zuhura alikuwa anakuna nazi tulipofika. Mzee Sefu alimweleza yeye mwenyewe, polepole, akitazama chini. Yule mama aliendelea kukaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, hakuni.

"Tangu lini?"

"Hatujui, Bi. Zuhura."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

Nilielewa alichokuwa anakipima, na nakiri nilitamani anyamaze. Futari ilikuwa mlangoni. Akisema, nani atakuja kula? Asiposema, nani atajua? Akaweka kifuu chini.

"Nitawafuturisha watu waliofunga, nami najua?" alisema. "Hapana. Funga huo mlango wa mbele, Peti."

Kesho yake asubuhi alitoa vyombo vyote nje, mbele ya mgahawa, watu wote wa stendi wakiona. Mwalimu wa madrasa alikuwa amemweleza: kila kilichogusana na ubichi wa pipa kioshwe kwa maji saba, moja lao lichanganywe na udongo. Kila aliyeuliza alijibiwa ukweli na Bi. Zuhura mwenyewe: pipa lilitoka kwa nguruwe, likagusa masufuria, nami ninayatwaharisha. Mimi nilibeba udongo. Meneja Elibariki alikuja mbio, uso umemshuka.

"Mama, shikamoo. Lakini yale mapipa tuliyaosha kwa dawa. Dawa ya hospitali kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Dawa inaua vijidudu. Mimi sikuuliza vijidudu."

Meneja akakunja mikono ya shati na kwenda kuchota maji, na hakurudi ofisini mpaka sufuria la mwisho. Jioni ile alituita yadini akasema, kwa sauti, kwamba kuanzia leo mapipa ya nguruwe yatakuwa meusi, yataandikwa nguruwe, na yeyote atakayemwambia "kule" atamuuliza kule wapi. Waswahili wote yadini walikohoa. Mapipa hayo ndiyo mnayoyatumia hadi leo, na neno hilo lisemeni, halimpunguzii mtu dini.

Lakini mjini maneno yalikwishatangulia. Kufikia adhuhuri kondakta mmoja alikuwa anasema Bi. Zuhura alipika kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Kufikia alasiri ikawa anamfuga nguruwe mwenyewe. Siku aliyofungua tena, Ramadhani haijaandama bado, alipika kama kawaida, wali, changu wa kupaka, maharage. Watu walimsalimia kutoka upande wa pili wa barabara, kwa heshima zote, wakapita. Wengine walisema wameshiba. Saa za chakula zikaja zikaondoka. Nilipokwenda mlango wa nyuma sikusikia sufuria kugongwa. Nilifungua pipa nikakuta wali, mweupe, mzima, haujaguswa na kijiko, umejaa mpaka juu. Miaka yote ile sikuwahi kuona wali katika pipa lake. Bi. Zuhura alikuwa amenipa mgongo, anafuta meza safi.

"Kesho nitapika nusu," alisema. "Keshokutwa sijui."

Niliona uchungu. Yule ndiye mtu pekee mjini aliyesema ukweli aliokuwa na nafasi ya kuuficha, na ndiye aliyekuwa anafunga duka.

Jioni nilimpitia Mzee Sefu nikamwambia nilichokikuta ndani ya pipa. Aliniuliza tu kama guta linakohoa bado.

Kesho yake mchana nilikuwa stendi, nafunga viroba vya chupa. Nikamwona anakuja, anachechemea na fimbo yake, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia, ndevu zimechanwa. Hakuzunguka nyuma. Alipita mlango wa mbele, akachagua meza inayotazama barabara, akakaa. Bi. Zuhura alitoka akijifuta mikono.

"Karibu, Mzee Sefu. Pipa bado halijajaa."

"Sikujia pipa. Nimekuja kula."

Kondakta aliyekuwa akiita abiria akageuka. Watu wale walilijua jibu la Mzee Sefu kabla hawajaota ndevu. Mmoja akamgusa mwenzake, halafu upande ule wote wa barabara ukawa unatazama. Bi. Zuhura aliandaa sahani. Mzee Sefu alinawa, akasema bismillahi, akala bila haraka, mpaka mifupa ya changu ikabaki myeupe. Kisha akainua sauti, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kuinua sauti.

"Bi. Zuhura, ukoko upo?"

"Upo, mzee, lakini wa nini? Nitakuongeza wali."

"Wali nimeshiba. Nipe ukoko. Ule wa chini kabisa, uliogandana na sufuria."

Akauleta. Alipoutafuna mlio wake ulifika mpaka niliposimama. Aliumaliza wote, akalamba vidole, akaomba maji. Alipokuwa anakunywa, yule kondakta wa kitimoto alivuka barabara, akasimama mlangoni, akavua kofia yake.

"Shikamoo mama. Na mimi nipe, pamoja na ukoko."

Mzee Sefu hakula tena pale, wala pengine popote tulipozoa. Wiki iliyofuata nilimkuta juu ya guta na bakuli lake la mihogo, na mpishi mmoja alipomkaribisha chai aliweka mkono kifuani, akajibu vilevile. Alifariki miaka michache baadaye, na kulabu yake ipo yadini, imening'inizwa karibu na mashine ya maboksi. Itumieni.

Kuhusu Bi. Zuhura, niwaambie nilichokiona mwenyewe. Siku ya pili baada ya Mzee Sefu kula, nilikwenda mlango wa nyuma, nikaliinua pipa kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea, nikaponea chupuchupu kuanguka kinyumenyume, maana lilikuwa jepesi. Nilifunua. Mifupa, maganda, machicha ya nazi. Ukoko haukuwamo hata kidogo.